Msihesabu waliomo kitandani, sikilizeni nani anaongea

Haya niliyaongea mbele ya wasomaji wenzangu tulipokutana kuijadili riwaya moja ya mapenzi ya watu watatu. Wengi ambao hawakufika wameniandikia wanataka yote, kwa hiyo naiweka hotuba nzima kama ilivyotoka mdomoni, zile picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Wasomaji wenzangu, wanaostahili shikamoo naomba mzipokee, na wengine wote habari zenu. Asanteni kwa kuja. Nimeona humu ndani kuna waliofunika jalada la kitabu na gazeti, na wala msijifiche, kwa sababu kila aliyekaa hapa amekisoma, na ndo maana tumekuja, kukiongelea bila kunong'ona.

Kwa ambaye hajafika mbali nisimwage utamu wote, ila kwa ufupi ni hivi. Kuna mke na mume, wamekaa pamoja miaka mingi, wanapendana kweli, alafu mke anampenda na mwanaume mwingine, na badala ya kuficha anamwambia mume wake, na yule mume badala ya kuvunja vyombo anakaa kimya siku tatu, siku ya nne anasema mlete nimjue. Basi wanaishia watatu nyumba moja, wote wanajua, wote wamekubali, au ndivyo tunavyoambiwa. Na humo ndani kuna moto jamani. Kuna kurasa unafika unakiweka kitabu chini kwanza, upumue, ndo uendelee.

Nimesoma maoni yenu yote mliyotuma kabla ya leo. Yote. Kuna aliyeandika kurasa mbili, kuna aliyeandika maneno matatu tu, "uchafu mtupu, sijamaliza." Kuna aliyesema amekisoma usiku mmoja mpaka alfajiri, kuna aliyesema huyo mke ni mbinafsi, kuna aliyesema huyo mume ni dhaifu, kuna aliyesema huyo mume ndo mwanaume pekee mwenye akili kwenye riwaya zote alizowahi kusoma. Na mi nikawa najiuliza, hivi tukitoa maoni kuhusu kitabu kama hiki tunaongelea nini hasa? Tunaongelea kitabu? Tunajiongelea sisi? Au tunamwongelea jirani ambaye tunaogopa atakisoma?

Nianze na hawa wa "sijakisoma lakini." Mnawajua. Sijakisoma na sitakisoma lakini kinaharibu watu. Wahenga walishauliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Na mi nauliza hivyo hivyo, yakuwashiani? Lakini hili jambo sio la kulipita haraka haraka, kwa sababu liliwahi kuwa na uzito wa kufunga midomo ya watu kabisa. Nipeni dakika chache.

Mwaka 1928 huko Uingereza mwandishi Radclyffe Hall alitoa riwaya inaitwa The Well of Loneliness, inahusu mwanamke anayempenda mwanamke. Mhariri wa gazeti moja la London akaandika kwamba ni heri ampe kijana mwenye afya yake sumu kuliko ampe hiyo riwaya. Sumu! Sasa nenda kautafute huo moto wenyewe ndani ya kitabu, utakuta kurasa na kurasa za huzuni, na sentensi moja fupi inayosema usiku ule hawakutengana. Basi, hapo ndo mwisho wa moto. Kesi ikafika kwa hakimu, waandishi wakajipanga kuja kukitetea, Virginia Woolf akiwemo, hakimu akasema hana haja ya kuwasikiliza, akaamuru nakala ziteketezwe. Mwaka ule ule 1928.

Sasa twendeni 1960, London hiyo hiyo. Kampuni ya Penguin imeshtakiwa kwa kuchapa Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence, ile ya mke wa tajiri na mtunza msitu wa mume wake, na mle ndani mambo yametajwa kwa majina yake. Mwendesha mashtaka anasimama mbele ya wale raia 12 wa kuamua kesi, anawauliza, hiki ni kitabu ambacho ungependa mkeo asome, au watumishi wako? Na kati ya hao 12 anaowauliza habari za wake zao, watatu ni wanawake! Wamekaa pale pale wanamwangalia.

Lakini ninachotaka mkisikie ni kilichofuata. Kabla ya mashahidi wa utetezi, wale 12 wakapewa kila mtu nakala yake na chumba, wakaambiwa kaeni msome, hakuna kwenda nacho nyumbani. Kesi ikasimama. Mahakama nzima, mawakili, waandishi wa habari, wote wanasubiri watu 12 wamalize kusoma riwaya ya mapenzi! Mi nikilifikiria hilo mwili unanisisimka mpaka leo. Tarehe 2 Novemba wakarudi na jibu, hakuna hatia. Kitabu kilipoingia madukani siku ya kwanza ziliondoka nakala 200,000, na toleo lililofuata Penguin wakalitabaruku kwa hao 12, wanawake watatu na wanaume tisa.

Mmeona tofauti? Mara ya kwanza mtu mmoja kaamua na hataki kusikia. Mara ya pili watu wamekaa wakasoma. Sisemi ukisoma lazima upende, hapana, kuna mtu anasoma mpaka ukurasa wa mwisho na anachukia kila mstari na hayo ni maoni halali kabisa, tena nayataka. Na yule wa "sijamaliza" naye namheshimu, kwa sababu kaanza, na kasema kabisa kwamba hakumaliza. Nisiyeweza kumpokea ni yule anayekuja na hukumu ya kitabu alichosimuliwa.

Haya, na sasa upande wa pili, maana mnapiga makofi kana kwamba wote sisi tuko salama. Sisi tunaopenda. Sisi tunaojaza maoni ya pilipili tano. Si ndo siku hizi wasomaji wa riwaya hizi wanaweka alama za pilipili, moja ni busu na mlango unafungwa, tano ni mlango uko wazi na taa zinawaka? Na wala sina ugomvi na hizo pilipili, zinamsaidia mtu ajue anaingia wapi, kama zinavyosaidia yale maonyo ya mwanzo wa kitabu kwamba humu kuna kupigwa, humu kuna kufiwa mtoto. Anayetaka moto aupate na asiyetaka asishtukizwe. Lakini pilipili peke yake sio maoni. Ukiniambia tano umeniambia joto, hujaniambia chakula.

Kuna rafiki yangu, tumesoma pamoja riwaya za namna hii miaka mingi, yeye anahesabu. Matukio saba, anasema, la nne ndo kali kuliko yote. Nikamuuliza, la nne linabadilisha nini? Akanyamaza. Nikamwambia chukua kitabu, ruka tukio la nne zima, anza kurasa zinazofuata, niambie kama kuna kitu umekosa. Akafanya. Akarudi kesho yake ananiambia, sijakosa chochote, wameingia chumbani na wametoka ni wale wale.

Alafu nikamwambia nenda kwenye ile sehemu ya mezani. Mnaikumbuka? Wako watatu, usiku, hakuna aliyemgusa mwenzake, mke ana karatasi na kalamu wanaandika makubaliano yao. Nani analala wapi. Ukiumia unamwambia nani kwanza. Tukialikwa mahali tunakwenda wangapi. Mume anaandika kitu alafu anakikata, anaandika tena, anakikata tena, na sisi hatuonyeshwi alichokikata. Jamani! Ile sehemu haina hata pilipili moja na mi ndo iliyonikosesha usingizi. Kwa sababu kila mmoja alitoka pale mezani ni mtu mwingine. Tukio la kitandani likiandikwa vizuri linafanya kazi hiyo hiyo, mtu anaingia na siri anatoka bila siri, anaingia anajiamini anatoka anatetemeka. Moto wa namna hiyo ndo naupenda mimi, na nasema wazi naupenda sana.

Sasa hapa kuna wasomi walikuwa wanatuangalia sisi wasomaji wa mapenzi kama walevi tu, na majibu walishayaandika bila kutuuliza. Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Janice Radway, akatoa kitabu baada ya kufanya kitu chepesi kabisa ambacho wenzake hawakukifanya, alikwenda kwa kundi la wanawake wanaosoma riwaya hizi akawauliza. Mnasomea nini? Wakamjibu kwamba ule muda wa kusoma ni wao, mchana kutwa ni mume, ni watoto, ni nyumba, ila ukishika kitabu umeshasema niacheni kidogo. Na walijua wanachotaka na wasichotaka, hawakutaka ubakaji uitwe mapenzi, hawakutaka mwisho wa kuhuzunisha. Hao sio walevi. Hao ni watu wenye vigezo.

Na hilo la mwisho wa furaha nataka nilikazie kidogo, kwa sababu kati yenu wapo walioandika kwamba mwisho wa riwaya yetu ni wa uongo, haiwezekani watu watatu wakaishia vizuri, mwandishi angewaadhibu kidogo ndo ingekuwa kweli. Angewaadhibu! Nimelisoma neno hilo mara mbili. Mwaka 1952 Patricia Highsmith alitoa riwaya ya mapenzi ya wanawake wawili, The Price of Salt, akaitoa kwa jina la Claire Morgan, jina lake halisi halikuwepo. Riwaya za namna hiyo enzi zile ziliishia pabaya, mmoja anajiua, au anarudi kwa mwanaume, au anabaki mpweke. Yeye akawaacha wapenzi wake wawili na mlango wazi, na uwezekano wa kuwa pamoja. Na barua zikaanza kuja kwa huyo Claire Morgan kupitia kwa mchapishaji, zinakuja nyingi nyingi, miezi na miezi, wanaume kwa wanawake, wanamshukuru kwa mwisho ule. Hawakuandika kumsifia lugha. Waliandika kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu kama wao kafika ukurasa wa mwisho akiwa hai na ana tumaini. Jina lake mwenyewe alikuja kuliweka kwenye kitabu hicho mwaka 1990, miaka 38 baadaye. Hebu fikirieni, miaka 38 unapokea shukrani kwa jina ambalo sio lako.

Kwa hiyo ukisema mwisho ni wa uongo, niambie umelegea wapi, sura gani, neno gani lilirukwa. Usiniambie tu kwamba watu wa namna hii hawastahili.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe kusimama leo.

Kuna dada mmoja, yupo humu ndani na kanipa ruhusa niseme ilimradi nisimtaje. Aliipa riwaya hii nyota moja. Moja. Akaandika, "huyu mume hakukubali, aliogopa kuachwa." Basi, hakuandika kingine. Na watu wakamrukia. Mshamba, umepitwa na wakati, hujui mapenzi ya watu wazima, kaa na riwaya zako za shule. Na mimi ni mmoja wa waliomrukia. Nilimwandikia kwamba hajaelewa kitabu, kwamba wivu wake ndo unasoma badala ya macho. Niliandika hivyo mimi, mkono wangu huu.

Wiki iliyofuata akanipigia simu. Hakugomba. Akaniambia dada, mi niliwahi kukubali. Mtu niliyekuwa naye alitaka tuwe na uhuru wa watu wengine, akaniuliza, nikasema sawa, nilisema sawa kwa sababu nilijua nikisema hapana anaondoka, na kila mtu aliyetujua alisema angalia wanavyoelewana, angalia walivyo wa kisasa, na mi usiku nalala nahesabu dakika mpaka arudi. Sasa nasoma kitabu, naona mume amekaa kimya siku tatu, na zile siku tatu mwandishi amezipita kwa mstari mmoja. Mstari mmoja tu! Mi nataka kujua zile siku tatu.

Nilikaa na simu sikioni sikuwa na la kusema.

Nikarudi kwenye kitabu nikasoma upya, na nyie nawaomba mkafanye hivyo hivyo, na safari hii nilikuwa na swali moja tu. Sio wangapi wako kitandani. Sio je hii ni sawa au sio sawa. Swali ni, nani anaongea? Nani anaulizwa? Akisema hapana, kitabu kinampa nafasi ya kusimama na hiyo hapana yake? Na nikaanza kuona. Mke ana sura zake, tunaingia kichwani mwake, tunamjua mpaka ndoto zake. Mume naye ana sura zake, chache lakini anazo, ingawa zile siku tatu ni kweli zimerukwa na huyo dada alikuwa sahihi na mimi nilikosea, na hili nalisema mbele yenu kwa sababu nilimkosea mbele yenu.

Na yule wa tatu?

Nauliza tena, na yule mwanaume wa tatu? Ana sura ngapi? Hana. Hata moja hana. Kitabu kizima tunamwona kwa macho ya wenzake, mikono yake tunaijua, mgongo wake tunaujua, harufu ya shati lake tunaijua, anachokiogopa hatukijui. Mara moja tu, mara moja kitabu kizima, amesimama mlangoni ana begi mkononi, anasema, "na mimi nikichoka, nani ataniuliza?" Swali zito kuliko yote mle ndani. Na anajibiwa na nini? Anabusiwa. Linaanza tukio la sita, pilipili tano, kurasa kumi na moja za moto, na tukitoka upande wa pili begi halipo na swali halipo.

Nilipekua maoni yenu yote tena natafuta nani kaliona hilo swali. Tulioipenda tulikuwa tumekolea moto, hatukuliona. Waliochukia walikuwa wanahesabu watu, hawakuliona. Wote tulipita juu ya mtu aliyesimama mlangoni na begi.

Ndo maana nasema nyota moja ya yule dada ilikuwa na kazi kubwa kuliko nyota tano zangu. Mi bado nakipenda hiki kitabu, msinielewe vibaya, ile sehemu ya mezani siwezi kuisahau, na kuna kaka mmoja aliandika kwamba ni mara ya kwanza ameona nyumba inayofanana na yake bila mtu kuchekwa wala kufa, na maneno yake nayaamini kama nilivyoyaamini ya dada. Wote wawili wamesoma kitabu kile kile kwa maisha yao, mmoja kakuta mlango na mwingine kakuta ukuta, na hakuna aliyekosea kusoma. Tatizo letu tulimpigia makofi mmoja na mwingine tukamtukana.

Mjadala wa leo nauomba uwe hivi basi. Anayekichukia asimame aseme ni wapi, asome hata mstari tumsikie. Anayekipenda naye asome. Na kabla ya mengine yote tuanze na ukurasa ule wa mlangoni, yule mwenye sauti nzuri pale nyuma naomba utusomee taratibu kuanzia anapolishika begi, na ukifika kwenye swali lake simama hapo, usiende kwenye busu, tukae nalo kwanza. Dada yangu wa nyota moja, ukiwa tayari, maiki ni yako.